Sura ya Saba: Doa Libakialo Baada ya Ngozi Kupoa

Miongoni mwa watu wanaoshuka katika hodhi kubwa ya maji ya buluu iliyofunguliwa na Kampuni ya KenGen huko Olkaria mwaka 2013, katikati ya mabomba ya mvuke na majabali ya Mbuga ya Hell's Gate, wako waliokuja kustarehe tu, lakini wako pia waliosikia kwa jirani au kwa shangazi kwamba maji yale huponya ngozi. Nao wanachokileta kuponywa aghalabu si kidonda wala upele ulio hai, ila ni madoa meusi: madoa ya chunusi zilizokwisha zamani, alama za kuumwa na wadudu, michirizi ya kuungua, weusi uliobaki kidevuni baada ya kunyoa. Ugonjwa umekwisha kuondoka. Athari yake imebaki, na ndiyo inayowasumbua.

Mwenye ngozi isiyo na doa asiwacheke. Kwetu sisi watu weusi, ambao ngozi yetu ni nyepesi ya kutoa rangi kila inapochokozwa, chunusi ya wiki moja huweza kuacha alama ya mwaka mzima, na kijana aliyekwisha kupona huendelea kuulizwa na kila amwonaye, "Umepatwa na nini usoni?" hata akaona heri ugonjwa wenyewe kuliko masalio yake. Madaktari wanaotibu ngozi nyeusi, hapa Afrika ya Mashariki na ng'ambo, wanajua kwamba malalamiko ya madoa ni miongoni mwa mambo ya mwanzo yanayowafikisha wagonjwa mlangoni mwao. Kwa ajili ya watu hao nimeiandika sura hii, na neno langu kwao ni moja, nalo nitalirudia kwa njia mbalimbali hata lieleweke: doa la namna hii ni jawabu la ngozi iliyoumizwa, na kila dawa inayoiumiza tena, hata ikionekana kulifuta leo, hulirudisha kesho likiwa jeusi zaidi.

Tuanze na maji, maadamu ndiyo yaliyo karibu. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kutoa umeme mwaka 1981, kwa nguvu ya megawati 15, na tangu wakati huo visima vimezidi kuchimbwa mwaka baada ya mwaka. Kutoka katika vina vya ardhi hupanda mvuke uliochanganyika na maji ya moto sana, mvuke ukaelekezwa mitamboni, na maji yakabaki yakiwa yamebeba chumvi, salfa kidogo, na silika iliyoyeyuka kutoka katika mawe. Maji hayo yakipoa, silika hujitenga, sehemu yake ikatua chini na kuwa tope jeupe, laini, linaloteleza baina ya vidole. Huko Iceland, karibu na mtambo wa jotoardhi wa Svartsengi, kuna hodhi ya asili hiyohiyo iliyoitangulia ya kwetu kwa miaka mingi, na wenye maradhi ya soriasisi walipoanza kuoga humo katika miaka ya 1980 wakaona nafuu, matabibu wakalifuatilia jambo lile, wakakuta kwamba nafuu hiyo ilikuwapo kweli. Lakini soriasisi ni ugonjwa ulio hai, ambao ngozi yake ingali inawaka. Na kutuliza mwako ni jambo moja, kuiondoa rangi iliyokwisha kumwagika ni jambo jingine. Tope la silika hukwangua ngozi iliyokufa juu juu, mtu akajishika shavu akaliona laini, akadhani amepona. Doa liko pale pale, kwa sababu rangi yake imelala mahali ambapo tope halifiki. Na yule anayejisugua kwa nguvu saa saba za mchana, mwili umelowa maji ya moto, huku losheni yake ya jua imekwisha kuoshwa, anajiletea sababu tatu za weusi kwa wakati mmoja: msuguo, joto, na jua.

Basi na aende, ajifurahishe, kwani mahali penyewe ni pa ajabu. Lakini aende jioni, asijisugue, ajisuuze kwa maji baridi akisha, ajipake mafuta, wala asiyatwike maji yale mzigo wasioweza kuubeba.

Sasa tuitazame ngozi yenyewe. Tabaka lake la juu ni jembamba, na katika sakafu ya tabaka hilo zimekaa seli zitengenezazo rangi iitwayo melanini, ambazo idadi yake kwa mtu mweusi na kwa mtu mweupe hukaribiana sana. Tofauti iko katika bidii yake, na katika ukubwa wa vifurushi vya rangi zinavyovigawa kwa seli jirani ili kuzikinga na jua. Ngozi inapopata mwako, uwe wa chunusi, wa pumu ya ngozi, wa sumu ya mdudu au wa moto wa jiko, mwili hutoa kemikali za kuita msaada, na kemikali hizo hizo huzichochea seli za rangi, nazo zikatengeneza na kugawa kupita kiasi. Rangi ikiwa imebaki katika tabaka la juu, doa huwa la kahawia au jeusi la kawaida, na maadamu tabaka hilo hujibadilisha kwa muda wa mwezi mmoja hivi au zaidi, seli zenye rangi hupanda, hukauka, hudondoka, na doa hufifia lenyewe kwa miezi sita, kumi, au kumi na miwili. Lakini mwako ukiwa mkali hata ukabomoa ukuta ulio chini ya tabaka lile, rangi huanguka ikaingia kwenye tabaka la pili, ikamezwa na seli za usafi ambazo hukaa nayo miaka. Doa hilo huwa na rangi ya kijivu yenye ubuluu ndani yake. Wino uliomwagika juu ya mkeka huondoka mkeka unapofuliwa, ila uliopenya mpaka sakafuni haufikiwi na sabuni ya mkeka. Ndiyo sababu watu wawili hupaka dawa ile ile, mmoja akasifu na mwingine akalaani, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Daktari ana taa ya mwanga wa zambarau, iitwayo taa ya Wood, ambayo humsaidia kukisia kina cha rangi, ijapokuwa juu ya ngozi nyeusi sana taa hiyo husema kidogo, na jicho lililozoea husema zaidi.

Katika nchi hii ya Bonde la Ufa visababishi vya mwako ni vingi, na si haki kuvipita vyote kwa mwendo mmoja. Kilicho maarufu kuliko vyote ni yule mdudu ambaye Wakenya humwita nairobi flai, ambaye si nzi hata kidogo, ni mbawakawa mwembamba mwenye urefu wa kama sentimita moja tu, kichwa cheusi, kifua chekundu cha machungwa, mabawa mafupi yang'aayo kijani na buluu, tumbo jekundu lenye ncha nyeusi. Huzidi sana baada ya mvua kubwa, kama zile za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilizowajaza mpaka ndani ya nyumba za mijini, na hupenda kuzijia taa nyeupe usiku. Haumi wala hadungi. Ila ndani ya damu yake mna sumu iitwayo pederini, ambayo wataalamu wamegundua kwamba hutengenezwa na bakteria waishio ndani ya mwili wa jike. Na mtu aliyelala akihisi kitu kinatambaa shingoni, akapiga kofi na kukiponda, hujipaka sumu hiyo mwenyewe. Usiku ule hahisi chochote. Baada ya siku moja au mbili ngozi huanza kuwaka, ukatokea mstari mwekundu wenye malengelenge madogo, umefuata njia ya kidole kilichofuta. Na ikiwa sumu iliingia katika mkunjo wa kiwiko, pande mbili zinazogusana huungua kwa umbo moja. Baada ya wiki moja hivi malengelenge hukauka, gamba hudondoka, na chini yake huonekana ule weusi ambao mgonjwa atakaa nao kwa miezi.

Hapa ndipo hadhari ndogo inaposhinda tiba kubwa. Mdudu huyo apulizwe au aondolewe kwa karatasi, asipondwe. Mahali alipopita paoshwe mara moja kwa maji na sabuni. Taa iliyo juu ya kitanda izimwe, chandarua kishushwe, na asubuhi nguo zikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Aliyekwisha kuungua apoze kwa kitambaa cha maji baridi, na akimfikia daktari mapema huenda akapewa marhamu ya steroidi ya siku chache, ambayo kazi yake ni kuzima mwako kabla haujaimwaga rangi. Siku hizo za mwanzo ndizo siku za kutibu doa, ingawa doa lenyewe halijaonekana bado.

Kisha kuna mashamba ya maua yaliyolizunguka Ziwa Naivasha, ambamo maelfu ya watu, wengi wao wanawake, hushinda wakikata, wakichambua na kufunga. Waridi lina miiba, na jeraha la mwiba huacha nukta nyeusi. Ua la alstromeria lina utomvu ambao humchagua mtu, ukampa pumu ya ngozi katika ncha za vidole. Jamii ya krisanthemamu ina utomvu wake pia, na pareto, ambayo Nakuru ilikuwa makao ya biashara yake wakati Kenya ilipoongoza dunia kwa zao hilo, ni ndugu wa ukoo huo na iliwawasha wachumaji wake vivyo hivyo. Fauka ya hayo kuna dawa za kunyunyizia na glavu zinazovuja. Anayetibiwa mikono kisha akarudishwa kwenye utomvu ule ule bila glavu nzima hatapona weusi wake abadan, kwa kuwa kila jioni mwako unawashwa upya; na msimamizi anayemhamishia kazi nyingine kwa mwezi mmoja amemtibu kuliko duka zima la dawa.

Vingine nitavitaja kwa upesi. Wanaume wenye ndevu za kujikunja, ambao nywele hurudi ndani ya ngozi baada ya kunyolewa chini kabisa, wamwambie kinyozi aache urefu kidogo. Wanaotumbua chunusi kwa kucha waache. Na wale wanaoketi karibu mno na jiko la makaa katika usiku wa baridi wa Naivasha, mwezi baada ya mwezi, wakaona michoro ya kahawia kama wavu katika miguu yao, wajue kwamba joto peke yake, hata lisilounguza, huweza kuitia ngozi rangi. Wasogee mbali na moto, na mingi ya michoro hiyo itafifia.

Nimefika sasa kwenye jambo linaloniuma kuliko yote katika habari hii, nalo ni haraka ya kulifuta doa. Katika vibanda vya vipodozi vilivyo kando ya barabara ya kusini mwa ziwa utamsikia binti akisema, "Mama, nipe ile ya kutoa madoa," na mwenye kibanda, bila nia mbaya, akamjibu, "Unataka ya pole pole au ya haraka, dada?" Nani mwenye harusi mwezi ujao atataka ya pole pole? Atapewa kopo lisilo na lebo, au tyubu yenye lebo isemayo jambo moja na kubeba jambo jingine, au mkorogo uliochanganywa nyuma ya pazia. Na baada ya siku kumi na nne uso utang'aa kweli, na ndio msiba wenyewe, kwa sababu lingekuwa halifanyi kazi angeliacha.

Mambo haya hayakuanza jana, na Kenya ina ushahidi wake ulioandikwa. Mwaka 1972 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya Barr, Rees, Kungu na wenzao, matabibu wa Nairobi waliowachunguza watu wazima 60 wenye ugonjwa wa figo, ule ambao figo huvuja protini ikatoka na mkojo, miguu ikavimba na kope za macho zikajaa maji asubuhi. Wakaona kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka marhamu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki hukizuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, na kwa hiyo huifanya ngozi kuwa nyeupe kama ilivyoahidiwa; lakini haibaki juu ya ngozi, hupenya, huingia katika damu, hufika kwenye figo. Baadhi ya wagonjwa wale walipona kwa kuacha kupaka tu. Fikiri, ewe msomaji: mtu amelazwa kwa maradhi ya figo, na sababu yake iko kwenye kijaluba kilicho juu ya meza ya kujirembea nyumbani kwake!

Mwaka 1998 Kenya, kwa njia ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni. Na mwaka 2013 mataifa yalitia saini huko Japani Mkataba wa Minamata, uliotoa muda mpaka mwaka 2020 wa kukomesha vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu moja katika sehemu milioni. Sheria ipo. Bidhaa nazo zipo, zikivuka mipaka mifukoni na masandukuni, na anayezitafuta hazimpotei.

Habari ya haidrokwinoni ni ya namna nyingine, kwa kuwa yenyewe ni dawa halali mikononi mwa daktari. Nguvu ya jamii yake ya kufuta rangi ilijulikana mwaka 1939, wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi huko Marekani walipoanza kutoka mabaka meupe mikononi, ikagunduliwa kwamba glavu zao za mpira zilikuwa na kemikali ya jamii hiyo. Tangu hapo ikawa dawa ya madoa, na kwa kiasi cha asilimia mbili hadi nne, kwa miezi mitatu au minne, juu ya doa peke yake na chini ya jicho la tabibu, hufanya kazi njema. Lakini mwaka 1975 Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walieleza yaliyowapata wanawake waliopaka marhamu kali za haidrokwinoni uso mzima kwa miaka: weusi wenye ubuluu ulioketi juu ya mifupa ya mashavu, ngozi ikakakamaa na kujaa vijipunje. Weusi huo uko katika tabaka la chini, na hakuna marhamu ijulikanayo inayouondoa kwa yakini. Waliokimbia doa dogo wakaangukia doa lisilo na tiba.

Steroidi nazo, ambazo hutiwa katika mikorogo kwa siri, huifanya ngozi kuwa nyembamba hata mishipa ikaonekana, huleta chunusi na michirizi, na siku mtu anapoziacha ghafla uso huwaka kuliko mwanzo. Dawa ile ile ambayo kwa siku tano huzima mwako wa nairobi flai, kwa miezi mitano huwasha mwako wa aina yake yenyewe.

Basi lililo jema ni lipi? La kwanza ni kinga ya nuru, na hapa Olkaria ina funzo ambalo wengi hulipita kwa miguu. Mahali hapa hapajafika digrii moja kusini mwa ikweta, na ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na mionzi ya urujuanimno hushuka ikiwa na makali kuliko Mombasa, ijapokuwa upepo baridi humdanganya mtu kwamba hakuna jua. Doa lililopigwa na mionzi hiyo kila siku halifutiki, kwa sababu kile kinachofifia usiku huongezwa mchana. Zamani wataalamu walidhani ni urujuanimno peke yake. Lakini mwaka 2010 watafiti wa Detroit walionyesha kwamba hata nuru ya kawaida, hii tunayoonea, huitia ngozi nyeusi na ya maji ya kunde weusi mkubwa unaodumu, ilhali ngozi nyeupe sana haikupata chochote. Na mwaka 2018 watafiti wa Nice, Ufaransa, walieleza kwamba seli za rangi zina kipokezi kinachohisi mwanga wa buluu. Maana yake kwetu ni nzito. Losheni nyingi za jua zilizotengenezwa kwa kuwafikiria Wazungu huzuia urujuanimno na kuiacha nuru ya kuonekana ipite, kwa hiyo mtu mweusi hupaka kwa uaminifu, akalipa fedha nyingi, na doa lisiondoke.

Kinachoizuia nuru hiyo ni oksidi ya chuma, ile ile iupayo udongo mwekundu rangi yake. Mwaka 2014 watafiti wa Meksiko waliwapa wagonjwa wenye mabaka ya melasma dawa moja, nusu yao wakapaka losheni ya kawaida ya jua, na nusu wakapaka losheni yenye oksidi ya chuma ndani yake. Baada ya wiki nane waliopata chuma walikuwa wamepata nafuu zaidi. Na udongo mwekundu, ewe msomaji, ndio huo ambao Wamaasai wameuchimba katika vilima hivi vya Olkaria tangu zama, wakauponda, wakauchanganya na mafuta ya mnyama viganjani mpaka ukawa urembo mzito wenye kung'aa, wakajipaka morani na mabibi harusi. Wahimba wa Namibia hufanya vivyo hivyo, na mwaka 2015 Rifkin na wenzake waliupima udongo wa namna hiyo juu ya ngozi ya binadamu, wakaona kwamba unakinga jua, na kwamba ulio laini zaidi na wenye chuma kingi hukinga zaidi. Sisemi mtu aende kuchota udongo kilimani akajipake juu ya chunusi, kwa kuwa udongo mbichi una mambo mengine ndani yake. Nasema kwamba anayenunua losheni ya jua kwa ajili ya madoa achague yenye rangi ya kahawia inayofanana na ngozi yake, yenye kinga ya 30 au zaidi, asome kama oksidi ya chuma imetajwa, aipake kwa wingi asubuhi na aongeze mchana. Na asiye na fedha ya losheni ajue kwamba kofia pana, leso ya kichwani na mtandio, ambavyo wanawake wengi wa mashambani wanavyo tayari, si duni hata kidogo.

La pili ni dawa zinazotenda taratibu. Asidi ya azelaiki, kwa kiasi cha asilimia 15 au 20, hutibu chunusi na weusi wake kwa pamoja, nayo huruhusiwa hata kwa mjamzito, jambo ambalo si dogo. Niasinamaidi ni pole zaidi, huzuia vifurushi vya rangi visigawiwe. Tretinoini ina nguvu kuzishinda hizo: mwaka 1993 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio juu ya watu weusi 54 wenye madoa ya baada ya mwako, waliopaka kwa wiki 40, na wengi wa waliopata tretinoini madoa yao yalififia waziwazi, lakini karibu nusu yao ngozi iliwasha na kubabuka njiani, na hata katika wale waliopaka mafuta yasiyo na dawa, zaidi ya nusu waliona nafuu. Nayapenda majibu hayo kwa ajili ya uaminifu wake: yanaonyesha kazi ya dawa, na yanaonyesha pia kazi ya siku. Anayeanza tretinoini aanze usiku mmoja kwa kuruka miwili, kiasi cha punje ya kunde kwa uso mzima, na akiona mwasho apunguze, asikaze roho. Na mwenye mimba asiiguse. Habari za kubabua uso kwa tindikali na za leza sitazirefusha: ziko mjini Nairobi, ni za gharama, na mikononi mwa asiyezoea ngozi nyeusi huzaa madoa mapya.

Kuhusu urithi wa pwani, liwa iliyosagwa juu ya msio kwa marashi hupoza na haina ubaya kwa mwenye ngozi isiyodhurika nayo, ila haifuti doa. Limau usoni ni kosa. Maji ya limau yana kitu ambacho kikipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha michirizi myeusi, na wako waliolipaka ili kuondoa doa moja wakapata matano.

La tatu ni kumpata ajuaye. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kiko tangu mwaka 1992 Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha kanda, ambacho kimewafundisha matabibu wasaidizi kutoka nchi nyingi za Afrika kwa kuwa madaktari bingwa ni wachache mno. Na kutoka hapo hapo imetengenezwa losheni ya jua kwa ndugu zetu wenye ualbino, kuonyesha kwamba losheni njema yaweza kutengenezwa kwetu na kwa ajili yetu. Kwa hiyo usidharau zahanati iliyo karibu. Tabibu msaidizi aliyesomea ngozi anaweza kukufaa kuliko mashuhuri wa mbali. Ukienda Naivasha au Nakuru, chukua makopo yote uliyopaka, hata yale unayoyaonea haya, uyapange mezani mbele yake, kwa sababu hawezi kuzima moto ambao hajaambiwa umewashwa na nini. Na mpe muda: wiki nane kabla ya kusema dawa haifai, miezi sita kabla ya kukata tamaa.

Nimebakiza onyo moja. Yote niliyoyaandika ni juu ya doa lililotanguliwa na kidonda, upele au kuungua, na linalofifia, hata kama ni kwa uvivu. Doa jeusi lililotokea lenyewe katika wayo wa mguu, katika kiganja, au kama mstari chini ya ukucha, likawa linapanuka, linabadilika rangi, au linatoa damu, si la sura hii; laweza kuwa saratani ya seli za rangi, ambayo kwa watu weusi hupenda mahali hapo na aghalabu hugunduliwa ikiwa imechelewa. Mwenye doa hilo asipake kitu chochote, wala asingoje wiki nane. Aende hospitali kesho asubuhi.